Kigeuza Shilingi chenye Sauti ya Mke Wangu

Nilipomwambia mke wangu kwamba nimeamua kutengeneza programu ya simu, aliniuliza kama naumwa. Alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya darasa la pili, na hakuinua hata kichwa. Nikamweleza kwamba siumwi. Baba alikuwa anakwenda Nairobi kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake, mimi ndiye wa kumsindikiza, na kule pesa ni nyingine, kwa hiyo nilitaka mzee awe na kitu cha kumwambia bei kwa shilingi zetu. Mke wangu akapiga alama ya kosa kwenye daftari la mtoto wa watu, akasema programu za namna hiyo zimejaa kama maparachichi soko la Tengeru, tena za bure.

"Hizo ni za Kiingereza," nikasema.

"Na wewe utatengeneza ya Kirangi?"

Baba ni Mrangi wa Kondoa, ingawa anaishi Levolosi, hapa Arusha, tangu kabla sijazaliwa, akishona kanzu na sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yake. Nikajibu kwamba ya Kiswahili inatosha. Mke wangu akafungua daftari jingine, na mimi nikachukulia ule ukimya kuwa ni ruhusa.

Ukweli ni kwamba baba alikuwa kisingizio kizuri. Mimi kazi yangu ni miche ya miti. Niko kwenye bustani ya mtu binafsi huko Olmotonyi, na ukinipa jani la mkaratusi au la mgrivilea nitakuambia mche umekosa nini. Lakini kwa miezi mingi, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakila ugali, nilikuwa nimejikunyata pembeni na simu, natazama masomo ya kuandika programu yaliyofundishwa na kijana mmoja anayeongea haraka kama mnadishaji wa mitumba. Nilinunua kompyuta iliyotumika, yenye herufi mbili zilizong'oka. Wenzangu wakaanza kuniita Injinia, kwa kejeli. Nikawa naitika.

Hata hivyo, haja yenyewe ilikuwepo. Baba alikua enzi ambazo shilingi ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na kwetu, na ingawa alijua kwamba mambo yalibadilika, moyoni hakuwahi kukubali. Kwake shilingi ilikuwa shilingi tu. Siku moja shangazi, huyo dada yake wa Nairobi, alimwambia kwa simu kwamba chupa ya soda Nairobi ni shilingi themanini, na baba akakata simu akiwa amefurahi mno, akatutangazia kwamba Wakenya wanaishi kama wako peponi, na kwamba yeye akifika huko atawanywesha soda ukoo mzima. Nilijaribu kumweleza kwamba shilingi yao moja ni karibu ishirini zetu. Akanisikiliza kwa heshima, kama anavyowasikiliza wauza dawa za kuondoa kunguni, kisha akasema, "Haya, tutaona."

Basi nikaanza. Nilitaka kitu chepesi kabisa: unaandika bei ya Kenya, unabonyeza kitufe kimoja kikubwa cha kijani, inatokea bei ya Tanzania. Namba nilizifanya kubwa kiasi cha kujaza kioo chote cha simu, kwa sababu macho ya baba, kama tulivyozoea kusema nyumbani, yalikuwa yameanza kuchoka. Nilijisifu sana kwa wazo hilo. Nilimweleza mke wangu kwamba mtengenezaji mzuri wa programu humfikiria kwanza mtumiaji. Akaniuliza kama nimemfikiria na aliyeniomba nitengeneze ule mlango wa jikoni unaoning'inia tangu Pasaka.

Toleo la kwanza lilipokamilika, niliita familia nzima sebuleni. Nikaandika bei ya soda ya Nairobi, nikabonyeza. Ikatoka shilingi nne. Nilikuwa nimegawanya badala ya kuzidisha. Watoto walishangilia wakidhani ndiyo maajabu yenyewe. Mke wangu, ambaye hiyo hesabu huifundisha kila siku kwa watoto wa miaka minane, alisema kwa upole kwamba sasa hivi programu yangu na baba mkwe wake wanakubaliana vizuri kabisa, kwa hiyo kuna haja gani ya kuendelea? Nikarudi kwenye kompyuta na kurekebisha. Ilichukua jioni kadhaa, maana kila nilipogusa kitu kimoja, kingine kilidondoka, kama ule mlango.

Kisha nikapata wazo lililoniponza. Niliona ni vizuri programu iseme bei kwa sauti, ili baba asihangaike kusoma. Simu yenyewe ilikuwa na sauti yake ya Kiswahili, lakini ilitamka "elfu" kama mtu aliyejikwaa kwenye ngazi. Nikasema hapana, baba yangu atasikia Kiswahili cha binadamu. Na binadamu aliyekuwa karibu, mwenye matamshi safi, alikuwa mwalimu wa darasa la pili.

Nilimwomba Jumapili mchana, akiwa jikoni anapika makande. Nilichagua wakati mbaya, lakini vyumba vingine vyote vilikuwa na watoto. Nikamweleza kwamba simhitaji aseme kila namba duniani. Ataje tu vipande: moja mpaka tisa, kumi mpaka tisini, mia, elfu, laki, milioni. Programu itaviunga yenyewe. Akafuta mikono, akaanza. Alisoma vizuri, ila kwa sauti ile anayoitumia darasani anapowasomea wazazi matokeo mabaya. Kila neno lilidondoka zito. Tulipofika kwenye kiunganishi, akasimama.

"Niseme 'na' peke yake?"

"Ndiyo. Na."

"Na nini?"

"Na tu."

"Watu hawasemi 'na' halafu wakanyamaza," akasema. "Unaninyima nusu ya sentensi halafu unataka niseme kwa furaha."

Akasema "na." Ilitoka kama mtu anayedai deni. Alipofika sitini, mtoto wetu mdogo alipita mlangoni akasema "Mama, maji," na kwenye themanini mfuniko wa sufuria ulidondoka sakafuni. Nilimwomba arudie. Akaniangalia. Nikaona kwamba sitini na themanini ni namba zinazotumika mara chache, nikaziacha vilevile.

Baadaye kidogo, nikiwa naunganisha vipande, nilikumbuka sifuri. Kijana wa masomo alikuwa amesisitiza kwamba lazima ujiandae kwa hali ya kukosa kitu. Lakini mke wangu alikuwa ameshalala usingizi wa mchana, na sikuwa na ushujaa wa kumwamsha ili aseme sifuri. Nikaisema mwenyewe, kwa sauti nzito, taratibu, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Nilikuwa na uhakika kwamba haitasikika kamwe.

Wiki hiyo niliteremka Levolosi kumwonyesha baba. Alikuwa kibarazani kwenye cherehani. Nikamsalimu, nikakaa kwenye kigoda cha wateja, nikamwekea simu mkononi. Aliigeuzageuza, akaipitishia kidole. Nikabonyeza, na mkwewe akatamka bei. Baba alishtuka kisha akacheka mpaka akashika mguu wa mashine. Akasema kazi imefana, na kwamba ile rangi ya bluu ya kitufe imetulia, haichomi macho. Kitufe kilikuwa kijani. Nilidhani ni mambo ya wazee, maana wengi wao wa rika lile hawatofautishi sana kijani na bluu wanapoongea. Nikarudi nyumbani Lemara nimevimba kichwa.

Tuliondoka asubuhi, kwa basi dogo la kwenda Nairobi. Baba alivaa kanzu mpya na koti la suti alilojishonea. Meru ilikuwa upande wetu wa kulia, imejifunika mawingu mpaka kiunoni, na baba hakuitazama hata mara moja, jambo ambalo sikulitilia maanani kwa sababu nilikuwa nashughulika na simu. Kila baada ya muda nilimwambia jambo jipya kuhusu programu. Alikuwa anaitikia "naam" kwa adabu. Tulipopita Longido, abiria wa kiti cha mbele aligeuka akaniuliza kama ninauza hiyo simu.

Namanga tulishuka kugonga mihuri ya pasi. Tulipomaliza, tukavuka upande wa pili, na pale kando ya barabara mama mmoja alikuwa anauza ndizi mbivu. Baba alitaka. Mama akataja bei kwa shilingi za Kenya. Nikaona saa yangu imefika. Nikatoa simu, nikaongeza sauti mpaka mwisho ili baba asikie vizuri kwenye kelele za malori, nikaandika, nikabonyeza kitufe.

"Sifuri," ikasema simu, kwa sauti yangu.

Nikabonyeza tena. "Sifuri."

Programu yangu ilikuwa inachukua kiwango cha kubadilishia pesa kutoka mtandaoni. Bando langu lilikuwa la nyumbani, na tulikuwa tumevuka mpaka. Bila mtandao hapakuwa na kiwango, na bila kiwango kila kitu Kenya kilikuwa bure. Jambo hilo kijana anayeongea haraka alilieleza vizuri sana kwenye somo ambalo mimi niliruka kwa sababu lilikuwa refu. Nikaendelea kubonyeza kama mtu anayebonyeza swichi ya taa umeme umekatika. Sifuri. Sifuri. Watu waliokuwa jirani wakaanza kugeuka. Mwenye ndizi alikunja mikono, akanisubiri kwa subira ya mtu ambaye ameona mengi mpakani hapo.

Baba aliinamisha sikio. "Huyo si wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Mkeo ana maelfu na malaki, na wewe umebaki na sifuri?"

Mwenye ndizi alicheka, na ikabidi nami nicheke. Nilinunua ndizi kwa hesabu ya kichwani, yaani kwa kukisia, na nadhani nilimlipa zaidi. Baba alizila zote njiani na kusema hajawahi kula ndizi za bure tamu kama zile.

Nyumbani kwa shangazi, mitaa ya Eastleigh, palikuwa na mtandao. Simu ilipounganishwa tu, kiwango kikaingia, na programu ikapata uhai. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikaa kwenye kochi nikawa naijaribu: bei ya mkate, bei ya sukari, nauli. Shangazi alitoka jikoni na birika, akasimama mlangoni akisikiliza. Kisha akaenda kufungua mlango wa nje, akachungulia kwenye ngazi.

"Mkeo mbona haingii?" akauliza. "Yuko na nani huko anagombana naye?"

Ilinichukua muda kumweleza. Alipoelewa, aliomba asikie tena, na jioni yote ile, kila mgeni wa harusi aliyefika, shangazi alinivuta nimwonyeshe. Nilikuja kugundua kwamba hakuna aliyekuwa anasikiliza bei. Walikuwa wanangoja sitini. Simu iliposema "sitini, mama, maji," walikuwa wanaanguka kwa kicheko, na bibi mmoja aliniambia nimpe huyo mtoto maji, nisiwe na roho mbaya. Nilitabasamu kama msanii anayepongezwa kwa kitu ambacho hakukikusudia.

Siku ya pili, kabla ya harusi, baba alitaka kwenda madukani. Alikuwa amesikia maisha yake yote kuhusu vitambaa vya Nairobi. Tukatembea na mimi nimemshika mkono, kwa ajili ya msongamano, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Tukaingia kwenye duka moja refu, lililojaa magora ya vitambaa mpaka darini, la mama mmoja aliyekaa nyuma ya meza na kikombe cha chai ya maziwa. Baba akamsalimu kisha akaanza kugusa. Alikuwa anapitisha kidole gumba na cha shahada kwenye ukingo wa kitambaa, anakisugua, anakiachia, anahamia kingine. Alikisogeza kimoja karibu na sikio, akakikunja ili asikie kinavyolia. Yule mama aliweka kikombe chini akawa anamwangalia. Baba akasimama kwenye gora moja la kitambaa cha suti cha kijivu, akauliza bei ya mita. Akaambiwa elfu moja mia nane.

Nikaingiza mkono mfukoni kutoa simu, ambayo shangazi alikuwa ameshaiwekea laini ya Kenya. Baba akanyoosha wake.

"Lete, nifanye mwenyewe," akasema. "Si ni ya kwangu hii?"

Nikampa. Nilijisikia vizuri sana. Akaishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, kichwa kimenyooka, akabonyeza hapa na pale kwa kidole kile kile alichokuwa anagusia vitambaa. Simu ikanyamaza kidogo, halafu mke wangu akasema, kwa ghadhabu yake ya darasani, duka zima likisikia: "Milioni. Nne. Na. Laki. Tisa."

Baba akatikisa kichwa polepole, akiwa ameikazia simu macho. "Naona," akasema. "Naona hapa. Ni ghali kidogo, lakini kitambaa ni kizuri."

Mwenye duka alimwuliza kwa utani, "Mzee, hiyo ni bei ya mita au ya jengo?"

Wateja wawili walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndipo nilipoitazama simu mkononi mwa baba. Alikuwa ameishika kichwa chini, miguu juu. Zile namba zangu kubwa, zinazojaza kioo chote, zilikuwa zimepinduka mbele ya macho yake, na yeye alikuwa anazisoma.

Nilichukua simu taratibu, nikamwambia mwenye duka kwamba imeharibika, imezoea kuharibika. Nikapiga hesabu kwa kalamu nyuma ya risiti, tukanunua mita tatu, tukatoka. Nje palikuwa na banda la chai lenye benchi. Tukakaa. Baba aliweka kitambaa mapajani, akawa anakipapasa. Alijua kwamba nimejua. Chai ilipoletwa, nikakiweka kikombe mkononi mwake, nikahakikisha vidole vimeshika mkono wa kikombe, na yeye akaniacha nifanye hivyo, jambo ambalo siku zote angelikataa.

"Tangu lini, baba?"

"Jicho hili la kushoto ni muda. La kulia lilikuwa linanisaidia, kisha nalo likaanza ukungu." Akanywa chai. "Mchana wa jua naona kivuli cha mtu. Nikisikia sauti najua ni nani. Haina shida."

"Na kushona?"

"Kushona sishoni kwa macho."

Alinieleza kidogokidogo. Daktari mmoja wa kambi ya macho iliyokuja mtaani alimwambia ni mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa na kwisha. Lakini fundi mwenzake wa zamani, waliyekuwa wakishona kibaraza kimoja, alifanyiwa upasuaji wa macho akarudi haoni kabisa. Baba akaona afadhali ukungu anaoujua. Na alikuwa na hofu nyingine, kubwa kuliko hiyo: kwamba sisi watoto tukijua, tutaichukua cherehani. Tutamwambia apumzike, tutamkalisha kwenye kiti cha plastiki kibarazani awe anaitikia salamu za wapita njia mpaka afe.

Kama angeniambia, hicho ndicho hasa ningekifanya, tena ningekifanya kwa upendo.

Akapapasa meza mpaka akaigusa simu. "Hii kitu yako ni nzuri," akasema. Nadhani aliona nimenyong'onyea, akataka kunifariji. "Inaweza kutunga uzi kwenye sindano?"

"Haiwezi, baba."

"Basi. Lakini ni nzuri."

Nilikaa pale nikiwa nimeshika programu iliyonigharimu miezi, yenye namba kubwa kwa ajili ya mtu asiyeona, yenye kitufe cha kijani ambacho kwake hakikuwa na rangi yoyote. Nilikuwa nimemfikiria kwanza mtumiaji, kama nilivyojigamba. Kitu kimoja tu ambacho sikukifanya ni kumwuliza mtumiaji anaona nini. Kwenye basi nilimkalisha upande wa mlima, na hakuutazama. Nilidhani ameuzoea.

Harusi ilikuwa nzuri. Baba alikaa na shangazi mkono kwa mkono usiku na mchana, na sasa nilijua kwa nini hakumwachia mkono. Shangazi nilimweleza pembeni, akanisikiliza, kisha yeye, bila kupoteza muda wowote kwa upole, alimwendea kaka yake mbele yangu akamwambia kwamba amekuja kutoka Arusha kumtazama mjukuu akiolewa na hakumtazama, na kwamba asipokwenda hospitali yeye hatakuja kumzika. Baba alisema atafikiria. Shangazi akasema afikirie kwa sauti. Baba akawaza kidogo, akasema, "Lakini mashine yangu isiguswe." Nikaapa mbele ya wote wawili kwamba haitaguswa.

Alipasuliwa jicho la kulia kwanza, kwenye hospitali moja ya mkoa wa jirani. Mke wangu aliomba ruhusa mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akaja nasi. Siku ya kufunguliwa bandeji tulisimama mbele ya kitanda kama watu wanaopigwa picha. Daktari akaondoa pamba. Baba akapepesa, akapepesa tena, jicho linamwaga machozi, kisha akaniangalia kwa muda mrefu.

"Umenenepa," akasema.

Halafu akamgeukia mke wangu, ambaye alimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akamchunguza, na uso wake ukalegea. Akamwambia kwamba safari nzima ya Nairobi alikuwa na wasiwasi, kwa jinsi alivyokuwa akiisikia ile sauti kwenye simu, kwamba ametukosea jambo na hatutaki kumwambia. Mke wangu alinitupia jicho ambalo lingeweza kukausha miche. Kisha akamshika baba mkwe wake mkono, akamwambia kwa sauti laini kabisa, ambayo laiti ningeirekodi, kwamba kosa halikuwa lake.

Jicho la kushoto lilifuata baadaye, nalo likakubali.

Programu ipo mpaka leo, imehamia mahali nisipotegemea. Mke wangu anaitumia kuwafundisha darasa la pili kusikia namba kubwa. Anasema wanafunzi hawajawahi kuwa makini hivyo, na nilipomwomba turekodi upya sitini na themanini, alikataa katakata, kwa sababu ndizo wanazozipenda. Kule Olmotonyi wenzangu bado wananiita Injinia. Kiwango cha mwisho sasa kinahifadhiwa ndani ya simu, hata bila mtandao. Mlango wa jikoni niliutengeneza.

Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi baba aliporudi kwenye kibaraza chake kwa mara ya kwanza, na macho yote mawili. Nilikwenda kumsaidia kutoa mashine nje. Kabla hajakaa, alichukua sare zilizokuwa zimening'inia ukutani, alizozishona kabla ya upasuaji na wenyewe bado hawajazichukua, akazitandaza mezani kwenye mwanga. Akazitazama moja baada ya nyingine. Mfuko wa shati mmoja ulikuwa umepanda karibu na kwapa. Suruali moja, mguu wa kulia ulikuwa umeuzidi wa kushoto kwa upana wa vidole viwili. Kola ilikuwa imegeuka nje ndani.

Wakati huo akapita mama mmoja jirani ambaye watoto wake wote baba amewashonea sare, mkubwa mpaka wa mwisho. Akamsalimu na kumpa pole ya hospitali. Baba alimwita karibu, akamwonyesha ile suruali.

"Mama, hizi nilizowashonea watoto wako mwaka huu, zilikuwa hivi?"

Yule mama aliitazama suruali, akanitazama mimi, akamtazama baba.

"Zilikuwa hivyo, baba."

"Na mliona?"

"Tuliona."

"Mbona hamkusema?"

Akarekebisha khanga begani. "Zilikuwa hazifumuki," akasema.

Baba alibaki ameishika ile suruali. Kisha akamwambia azilete zote, za watoto wote, atazirekebisha bila malipo. Yule mama akasema atazileta shule zikifungwa, kwa sababu sasa hivi zinavaliwa. Akaendelea na safari yake ya sokoni. Baba akavuta kiti, akakaa, akachukua wembe, akaanza kufumua ule mguu mrefu. Mishono ilikuwa imekaza sana. Ilibidi nimshikie upande mmoja wa kitambaa ili aweze kuikata.